Kirangozi, Posho na Hongo: Nani Aongoze Mfuko wa Wenyeji Unyamwezi?

Maneno matatu yanayosikika kila wiki katika kumbi za semina za Tanzania yalikomaa njiani, kati ya Bagamoyo na Ujiji. Posho ilikuwa kibaba cha mtama au mkono wa kitambaa aliopewa mpagazi ili ale siku hiyo. Hongo ilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa hata kwa siku kadhaa, ambao watemi wa Ugogo waliutoza kila msafara uliotaka maji yao na njia yao. Nyapara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, aliyejibu kwa niaba yao mzigo ulipopotea. Leo posho ni bahasha ya mshiriki wa warsha, hongo ni rushwa, na nyapara ni msimamizi anayeogopwa. Neno la nne limekaribia kusahaulika: kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara. Tumebaki na nduguye, kiongozi, ambaye maana yake imepanuka mno hata haimlazimu tena mwenye jina hilo kutembea.

Nimeanza na maneno hayo kwa sababu swali ninalolichambua ni la uongozi wa chombo kipya, na chombo kipya hukuta watu tayari wana maneno ya zamani mdomoni. Tuseme wenyeji wa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi, na wa njia ya zamani ya misafara wanaamua kuanzisha mfuko wao wa jamii, yaani taasisi inayokusanya mali ya watu wa mahali, kuitunza kwa vizazi, na kutoa ruzuku kwa shughuli wanazozichagua wenyewe. Nani astahili kuuongoza? Na siku ya kwanza ashike nini mkononi? Mimi naamini ashike daftari la hesabu kabla ya kushika fedha, na astahili yule ambaye wabeba mzigo wanaweza kumwuliza, kumkatalia na kumwondoa. Mengine yote, katiba, usajili, wafadhili, ofisi, yanafuata hapo. Najua wengi huanza upande wa pili, na ndiyo maana nalisema jambo hili kwa mkazo.

Swali hili halikutungwa hewani. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali, na milioni 100 kwa maumivu ya utu wao. Jambo lililonivutia zaidi halikuwa kiasi hicho. Mahakama iliagiza fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii ya Waogiek, na kamati ya kuusimamia iwe na wawakilishi waliochaguliwa na Waogiek wenyewe. Kwa maneno mengine, mahakama ya bara zima ilitambua kwamba haki ya watu wa asili haikamiliki kwa kulipwa tu. Inahitaji chombo cha kuitunza, na chombo kinahitaji watu walioteuliwa na wenye haki. Jamii iliyopigana mahakamani miaka mingi ikajikuta ina kazi nyingine, ngumu kwa namna yake: kuamua nani atashika funguo.

Karibu zaidi nasi, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadza walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao wakiwa jumuiya, si mtu mmojammoja. Juu ya hati hiyo wamejenga mapato ya kuuza hewa ukaa, yanayolipia matibabu, ada za shule na walinzi wa msitu. Magharibi zaidi, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji 8 vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata vinapata fedha za namna hiyo hiyo, na vimejenga zahanati na madarasa. Kwa hiyo fedha za wenyeji zimeanza kutiririka magharibi mwa Tanzania. Chombo cha kuzitunza zaidi ya bajeti ya mwaka mmoja ndicho ambacho bado tunakitafuta.

Lakini Tabora si Mau wala Yaeda. Ugumu wake wa kwanza uko katika neno "mwenyeji".

Inasemekana hata jina Wanyamwezi walipewa na watu wa pwani. Wenyewe walijitambulisha kwa nchi zao ndogo, Unyanyembe, Uyui, Ugunda, Urambo na nyingine nyingi, kila moja na mtemi wake. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa kukusanya ruga-ruga, askari waliotoka kila upande. Mjini Tabora walikaa Waarabu waliotoka Oman kwa njia ya Unguja, Waswahili wa pwani ya Mrima, na Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo ambao wengi wao hawakuja kwa hiari. Baba yake Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilileta wengine. Wasukuma wameshuka na ng'ombe wao. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walifika, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3 katika mkoa huu wenye karibu kilomita za mraba 76,000. Ukisema mfuko ni wa "wenyeji", umewaita wangapi na umewafungia mlango wangapi?

Serikali ya Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, wakati Kenya haikuunga mkono wala kupinga. Hata hivyo, nyumbani msimamo umekuwa kwamba Watanzania wote wenye asili ya Kiafrika ni watu wa asili, na hakuna kabila la kutengewa jina hilo. Naelewa hofu iliyo nyuma ya msimamo huo. Mjadala wa uzawa wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ulituonyesha jinsi neno linalodai haki ya mnyonge linavyoweza kugeuka fimbo ya kumpigia jirani. Lakini hofu hiyo isitufumbe macho tusione dai la kweli.

Dai la kweli la Tabora limo msituni. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa maeneo ya miyombo ya magharibi kwa sababu ya malale, ikawakusanya katika makazi makubwa. Misitu waliyoiacha ikageuka hifadhi. Wajukuu wao wameendelea kurudi humo kila msimu wakiwa warina asali, wakitundika mizinga ya magome katika miti ambayo ukoo unaijua mmojammoja. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ugalla na Kigosi yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, na hifadhi ya taifa haina nafasi kwa mrina asali. Mwaka 2023 Bunge liliridhia Kigosi ibadilishwe kuwa hifadhi ya msitu, na kilio cha wafugaji nyuki kilikuwa moja ya sababu. Hapo ndipo ninapoona msingi wa kuwa mwenyeji katika Unyamwezi: uhusiano na mahali unaotunzwa kwa kazi, unaorithishwa, na unaoweza kuthibitishwa kwa mti na kwa njia. Damu peke yake haiwezi kubeba hoja hiyo, maana ukoo wa kirina asali unaweza kuwa na bibi Mkimbu, babu Mmanyema na mkwe aliyezaliwa Ulyankulu.

Kwa hiyo kanuni ya uanachama ningeiandika hivi: mwenyeji ni yule anayezika wafu wake hapa, anayechangia mfuko kwa kiasi chake, na anayetambuliwa na mkutano mkuu wa kijiji chake. Kanuni hiyo haitamridhisha anayetaka kabila moja litajwe. Itamlinda, hata hivyo, yule mama wa Kimanyema ambaye familia yake imekaa Tabora vizazi vitano na bado husikia akiitwa wa kuja.

Sasa turudi kwa kirangozi. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, takriban kilo 32, na safari ya Tabora hadi pwani ilichukua miezi miwili au mitatu. Wapagazi waligawanyika katika makambi madogo ya watu waliokula chungu kimoja. Wanawake walikuwemo, wengine wakibeba mizigo yao wenyewe. Mbele ya wote alitangulia kirangozi na bendera yake, na aliyempita alitozwa faini. Hakuwa mwenye pembe wala mwenye vitambaa. Naye alikuwa na mzigo wake, hata kama ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Mamlaka yake yalitoka katika kujua: kisima kipi kina maji mwezi wa tisa, mtemi gani hapatani na nani, pori lipi halilaliki. Katika misafara ya Wanyamwezi wenyewe alikuwa mtu aliyekubaliwa na wenzake, na posho ilipokosekana au mwendo ulipozidi nguvu za watu, wapagazi walitua mizigo chini na safari ikasimama hadi shauri liishe.

Sitaki kuipamba njia hiyo. Ilipita juu yake watu waliofungwa minyororo, na wazao wao wako Tabora na Ujiji leo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mgeni hupelekwa Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Wapagazi hawana tembe la kuonyesha. Mfuko wa wenyeji ukifanya jambo moja tu la utamaduni katika miaka yake ya kwanza, ningependa liwe kukusanya masimulizi ya koo za wapagazi na za waliokuwa watumwa, kwa lugha zao, kabla wazee wa mwisho walioyasikia kwa babu zao hawajaondoka.

Ila kwa swali la uongozi, kirangozi anatufundisha kitu ambacho vitabu vya utawala bora hukisema kwa maneno mazito na kukipoteza. Mkurugenzi wa mfuko mpya mara nyingi hutafutwa kwa sifa anazotaka mfadhili: aandike Kiingereza kizuri, ajue kujaza fomu, awe amepita katika shirika kubwa la Dar es Salaam. Sifa hizo zina faida na sizidharau. Lakini hazimwambii kisima kiko wapi. Atajuaje kwamba ruzuku ya mashine ya kukamua asali katika kijiji fulani itawaingiza wafugaji na warina asali katika ugomvi, ikiwa hajui nani anapitisha ng'ombe wapi wakati wa kiangazi? Anayejua hayo huenda ni mwalimu mstaafu wa Sikonge au katibu wa kikundi cha akina mama Kaliua. Ningemwajiri huyo kwanza, kisha nimtafutie msaidizi wa kuandika maombi. Tumezoea kufanya kinyume.

Kuhusu fedha, kuna dhana kwamba mfuko wa kudumu ni uvumbuzi wa Marekani. Ni kweli kwamba mfuko wa kwanza wa jamii kwa sura tunayoijua ulianzishwa Cleveland, Ohio, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff, aliyesumbuliwa na mali za marehemu zilizofungwa kwa makusudi yaliyokwisha kupitwa na wakati. Lakini Mswahili yeyote anajua wakfu. Nyumba au shamba la minazi linawekwa wakfu, shina haliuzwi, na matunda yanakwenda msikitini, kwa yatima au kwa wasafiri. Zanzibar ina kamisheni ya serikali inayosimamia mali za namna hiyo, na kwa Waislamu wa Tabora na Ujiji neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Tofauti iliyopo ni kwamba wakfu wa kale hufungwa na kauli ya mtoaji, na mfuko wa jamii huachia kizazi kilicho hai kiamue matunda yaende wapi. Kenya ilichukua njia hiyo mwaka 1997 ilipozaliwa Kenya Community Development Foundation, iliyosaidia vikundi vya vijijini kujenga mitaji yao ya kudumu badala ya kungoja mradi umalizike na gari liondoke. Kwa kulinganisha, kule New Zealand kabila la Ngāi Tahu lilipata mwaka 1998 fidia ya dola milioni 170 za nchi hiyo na kuifanya mtaji wa vizazi. Fidia waliyoamriwa Waogiek walipwe ni ndogo sana ikilinganishwa na hiyo. Tabora haina hukumu yoyote mkononi, kwa hiyo itaanza na chake kidogo.

Na chake kipo. Chama cha ushirika cha wafugaji nyuki cha Tabora kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nta ya Unyamwezi ilikuwa ikisafiri kwenda ng'ambo tangu enzi ya wakoloni. Ndoo moja ya asali kwa kila mrina, kila msimu, ikiuzwa kwa pamoja na fedha yake kuwekwa katika mtaji usioguswa, haitajenga hospitali. Itajenga kitu kinachotangulia hospitali: watu ambao fedha ile ni yao na wanajua hivyo. Mwanachama aliyetoa ndoo huuliza ndoo imekwenda wapi. Mshiriki aliyepewa posho ya semina ana sababu ndogo sana ya kuuliza. Kwa hiyo ningeandika katika katiba ya mfuko kwamba hakuna posho ya kikao kwa mjumbe wa bodi wala kwa mwanachama, isipokuwa nauli na chakula. Najua kanuni hiyo itapunguza mahudhurio mwaka wa kwanza. Waliobaki ndio mfuko.

Hongo nayo inataka maelezo, kwa maana yake ya zamani. Msafara ulilipa ili upite, na leo mfuko hutimiza masharti ili upite kwa mfadhili na kwa dola. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inamtaka mwanzilishi achague kama atafanya kazi ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, apeleke taarifa kila mwaka, na kanuni zimetaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani. Iko pia njia ya kusajili bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambayo kwa mtaji wa kudumu ina mantiki yake, kwa sababu mdhamini hushika mali kwa niaba ya wengine na huo ndio moyo wa wakfu. Wengine huona masharti hayo kuwa mzigo. Mimi naona sharti la kutangaza fedha ni zawadi kwa kiongozi mwema, kwa kuwa linamlazimu kufanya hadharani jambo ambalo angepaswa kulifanya hata bila sheria.

Masharti ya wafadhili ni magumu zaidi, kwa sababu yanakuja na tabasamu. Mfadhili anataka jina lake ukutani, au anataka misitu ihifadhiwe kwa namna inayomtoa mrina asali, au anataka matokeo ndani ya miezi 18. Kiongozi afanye nini? Mji wa Tabora wenyewe una kumbukumbu ya kutusaidia. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Sharti lilikuwa la kuudhi. Nyerere, aliyekuwa amesoma na kisha kufundisha katika mji huu, alisimama mbele ya wajumbe wenye hasira akawashawishi walipokee, na waliokataa, wakiongozwa na Zuberi Mtemvu, wakaenda kuunda chama chao. Kinachonigusa katika kisa hicho ni kwamba sharti lilipokelewa baada ya mabishano ya wazi na wale ambao lingewaumiza. Kiongozi wa mfuko anayesaini mkataba wa mfadhili hotelini, kisha akaja kuutangaza kijijini kama habari njema, ameruka hatua hiyo. Na ikiwa mkutano utakataa fedha, naye hana budi kuandika barua ya kukataa, hata kama ni mwaka wa kwanza na ofisi haina kodi ya pango.

Nimesema sana juu ya uaminifu wa kiongozi. Kuna jambo lingine lililo nje ya uwezo wake, nalo ni kumbukumbu. Watu wa Tabora wamewahi kuona vyombo vyenye jina lao vikija na kuondoka. Mwaka 1947 Waingereza walileta Urambo mradi wa karanga wenye matrekta na mamilioni ya pauni, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa, kwa kuwa udongo na mvua havikuulizwa, wala watu walioujua udongo huo. Baadaye ikaja tumbaku, ikawapa watu fedha na ikala misitu kwa kuni za kukaushia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima kwa amri, na vilipofufuliwa kwa sheria ya 1982 wengi hawakuwa tena na moyo wa kuviita vyao. Katika tumbaku wakulima wamejua uchungu wa mkopo wa kikundi, ambapo aliyelipa deni lake hukatwa ili kufidia asiyelipa. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa "mfuko wa jamii", ana haki ya kurudi nyuma hatua mbili. Kumlaumu kwamba hana mwamko ni kutomheshimu.

Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ina sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega, wanakijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walijipanga wenyewe. Hawakuwa na mfadhili, mshauri wala semina. Kila kijiji kiliweka mtemi wake wa sungusungu, katibu wake na makamanda wake, na watu walichangia, walitozwa faini, na walikimbilia msaada mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa. Katika muda mfupi utaratibu huo ukaenea Unyamwezi na Usukuma, na mwaka 1989 sheria ikautambua. Ukitaka ushahidi kwamba watu wa magharibi wanaweza kujenga chombo kikubwa kwa michango na nidhamu yao, ndio huo. Ushahidi huo una upande wa giza, na sitauficha: wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi walitengwa na kufukuzwa, na baadhi walipata mapigo, kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo mnyonge angeweza kukata rufaa dhidi ya wengi. Mfuko wa jamii utarithi nguvu ile na hatari ile pamoja. Jamii ikiamua kwa sauti moja nani apewe ruzuku, mjane asiye na ukoo hapati. Ndiyo maana napendekeza sehemu ya ruzuku ya kila mwaka itengwe kwa waombaji ambao kijiji chao hakikuwaunga mkono, na iamuliwe na wajumbe wa wilaya nyingine. Najua pendekezo hili litapingwa kuliko yote niliyoyataja.

Watemi je? Sheria iliondoa mamlaka yao mwaka 1963, lakini heshima haikufutwa kwa sheria. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya huko Usukuma, na tangu hapo machifu wamerudi kuonekana katika shughuli za umma. Wengine watataka mtemi awe mwenyekiti wa mfuko. Inasemekana neno mtemi linatokana na kutema, yaani kufyeka pori ili watu wapate mahali pa kulima, na kazi hiyo inamfaa: afungue njia, apatanishe, ashuhudie kiapo cha wadhamini. Funguo za fedha asishike. Mtu ambaye watu hupiga magoti mbele yake hawezi kuulizwa stakabadhi iko wapi, na kumweka mahali pa kuulizwa ni kumvunjia heshima yeye na kuudhoofisha mfuko kwa wakati mmoja. Bodi yenyewe ningetaka nusu yake iwe wanawake, si kwa kufuata mtindo wa wafadhili, ila kwa sababu katika vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini wao ndio wamezoea kufungua sanduku mbele ya watu na kuhesabu kwa sauti.

Mkutano wa hesabu ufanyike baada ya mavuno makuu ya asali, Julai au Agosti, wakati barabara za Sikonge na Kaliua zinapitika na watu wana senti mfukoni. Usifanyike hotelini mjini. Ufanyike chini ya mwembe, kila mwaka wilaya nyingine, na daftari lisomwe mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, kuanzia ndoo zilizopokelewa hadi nauli ya mkurugenzi. Mkurugenzi asimame wakati wote linaposomwa. Anayeuliza asikatizwe. Na kwa kuwa watu wa Ulyankulu huenda wakatangulia kukosa imani na neno "wenyeji", mkutano wa kwanza ningeupeleka huko.